Kumbukumbu ya mradi: Lindbergh na picha ya “1927”

Picha inayotegemewa kuthibitisha kwamba Charles Lindbergh, rubani Mmarekani aliyepata umaarufu mwaka 1927 kwa kuvuka Atlantiki peke yake, alitua katika mji huu mdogo wa Illinois imeandikwa nyuma “1927”. Mwaka huo hatuutegemei. Ndege yake ya Spirit of St. Louis, aliyozunguka nayo majimbo yote 48 ya wakati huo kuanzia Julai 20 hadi Oktoba 23, 1927, ina bawa moja tu, juu ya bodi. Ndege ya pichani ina mabawa mawili, juu na chini. Maandishi ya nyuma ya picha mara nyingi huja baada ya umaarufu, basi yasikuongoze.

Zimebaki ndege mbili tunazozifikiria zaidi: Curtiss JN-4 aliyoinunua Americus, Georgia, mwaka 1923, na DH-4 ya posta aliyorusha mwaka 1926 kati ya St. Louis na Chicago kupitia Springfield na Peoria.

Skani picha halisi kwa nukta 1,200 kwa inchi. Iliyochapwa gazetini ina vidoadoa vinavyomeza ncha za mabawa. Pima bawa la juu ncha hadi ncha, kisha la chini. JN-4 ina mita 13.3 juu na 10.3 chini, uwiano wa karibu 1.3. Mabawa ya DH-4 yanakaribia kulingana. Picha ikiwa ya mshazari si neno, mabawa yote hufupika pamoja. Ncha ikikatwa na ukingo, pima upande mmoja kuanzia katikati ya bodi. Tumepata 1.02, basi ni DH-4. Tena nafasi ya kukaa ya mbele imefunikwa: kwenye DH-4 za posta mifuko ya barua ilikaa mbele, rubani nyuma.

Ndege imejulikana, rubani bado. Njia hiyo ya posta ya St. Louis hadi Chicago ilirushwa pia na Philip Love na Thomas Nelson.

Magazeti ya kusoma ni ya Aprili 15, 1926, njia ilipofunguliwa, hadi Februari 1927, Lindbergh alipokwenda San Diego kushughulikia ndege yake mpya. Kutafuta jina kwa kompyuta hakufai: hakuwa maarufu bado, na “Lindberg” bila h ni kosa la kawaida. Soma kwa macho safu za habari ndogondogo za vijijini, maana ndege ya posta iliyotua shambani kwa ukungu haikupewa kichwa cha habari.

Septemba 16 na Novemba 3, 1926, Lindbergh aliruka kwa parachuti na ndege zote mbili zikaanguka, kwa hiyo ndege nzima kama hii si ya usiku huo wala ule. Nyuma yake mabua ya mahindi yamesimamishwa matita, basi tunaanza na matoleo ya Septemba hadi Desemba.