Skafu kumi na mbili

Nimeifua skafu yangu ya skauti mara mbili tangu turudi kutoka kambini Jumapili, na bado inanuka moshi.

Mama Rehema ndiye mpishi wetu shuleni. Safari hii alikubali kupanda nasi hadi Nyeri kwa sharti moja: makaa achague yeye. Tulikwenda kwa ajili ya Februari 22, siku aliyozaliwa Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, ambaye amezikwa pale tangu 1941. Tukasimama kaburini pake mbele ya lile duara lenye nukta, alama ya skauti ya kwamba nimekwenda nyumbani, mtoto mmoja akatapika kwenye basi, mkuu akahutubia mpaka jua likazama. Hayo siku nyingine.

Ijumaa usiku, kwenye moto wa kambi, mimi ndiye niliyegawa skafu. Viongozi 12, skafu 12, nilizishonesha mwenyewe Mwembe Tayari, huku kwetu Mombasa. Unaitwa, unapiga saluti ya vidole vitatu, unavishwa, unapewa mkono wa kushoto. Nilipomaliza wa mwisho, Mama Rehema akatoka jikoni, akajifuta mikono kwenye leso, akasimama mbele yangu.

"Na yangu, Mwalimu?"

"Mama, hizi ni za viongozi."

"Kwani mimi hapa ni nani?"

"Wewe ni mama yetu."

"Haya. Basi kesho uji wapike viongozi."

Watu wakacheka, naye akacheka. Alfajiri uji ulikuwepo, mzito, wa tangawizi.

Wewe ni mama yetu! Tena kwa lile tabasamu langu la mkutano wa wazazi. Ningeweza kusema zimekwisha, na ingekuwa kweli. Ningeweza kuvua yangu. Siku tatu aliamka saa kumi usiku, na baridi ya Nyeri si ya mtu wa Mombasa, leso ya pili kajifunga shingoni. Sisi kaki zetu zina mistari ya pasi. Kama kuna shingo iliyohitaji kitambaa kambini, ni ile.

Jumatatu akaja kazini na leso mpya: *Mdhaniaye ndiye, kumbe siye*. Nimeisoma mchana kutwa. Ni mimi? Au ni jirani yake? Kwa leso huwezi kuuliza, ukiuliza umekiri.

Jana nikashindwa. Nikaingia jikoni na skafu yangu kwenye mfuko, nikamtolea. Akainusa.

"Hii imenuka moshi, Mwalimu. Nishonee yangu. Na ukingo uwe mwekundu, hiyo njano yenu ni ya matatu."

Kwa furaha nikampa mkono, nao kwa mazoea ya kambi ukatoka wa kushoto. Akautazama kama samaki aliyelala. Nikaanza kujieleza: inasemekana Baden-Powell desturi hii aliipata kwa Waashanti wa Ghana, kwamba shujaa akikuamini huweka ngao chini, na ngao hushikwa kwa kushoto, ndiyo sababu...

"Mimi ngao sina," akasema. "Nina mwiko, na naushika kwa kulia."

Nilicheka hadi nikakaa juu ya gunia la mchele. Fundi ameniahidi Alhamisi, ukingo mwekundu.