Kortisoli ya mate: majibu huharibika kabla ya kufika maabara

Majibu ya kortisoli, homoni ya msongo, yakiyumba, wengi hukimbilia kulaumu kiti (seti ya vifaa) ya ELISA, kipimo kinachotumia kingamwili na rangi kujua kiasi cha homoni. Mimi huuliza kwanza mate yalikusanywaje.

Mhusika asile wala kupiga mswaki kwa saa nzima kabla. Akisukutua kwa maji, asubiri dakika 10, la sivyo maji yatazimua sampuli. Mswaki huchubua fizi, na damu ikiingia, testosteroni, homoni nyingine inayopimwa kwenye mate, hupanda kwa uongo kwa sababu damu inayo nyingi mno kuliko mate. Mate yenye wekundu yatupwe, hata kama ndiyo hayo tu uliyopata. Ainamishe kichwa, mate yajikusanye chini ya ulimi, kisha yachuruzike yenyewe kwenye kichupa cha plastiki. Pamba ni rahisi kutumia, lakini huvuruga vipimo vya testosteroni na vya homoni ya estradioli. Ndimu ya kuchochea mate nayo isitumike: asidi huzuia kingamwili za kiti kushika homoni vizuri. Na saa iandikwe! Kortisoli hupanda dakika 30 hadi 45 baada ya kuamka, halafu hushuka hadi usiku, hivyo sampuli isiyo na saa haisomeki.

Gandisha kwenye nyuzi -20. Siku ya kupima, yeyusha, changanya, zungusha kwenye sentrifuji kwa 1500 g (nguvu ya mzunguko, si gramu) dakika 15, kisha vuta majimaji angavu ya juu. Ute ukibaki, pipeti huvuta pungufu bila wewe kujua.

Sahani ya vishimo 96 ipate joto la chumba kabla hujafungua pakiti, maana ikiwa baridi, vishimo vya pembeni hupata joto mapema na kusoma tofauti na vya katikati. Kiti nyingi hutumia mikrolita 25, kila sampuli vishimo viwili. Humo kortisoli ya mate hugombania kingamwili na kortisoli iliyofungwa kimeng'enya, kwa hiyo rangi ikikolea, homoni ni kidogo. TMB, kemikali ya rangi, hugeuka bluu ikikutana na kimeng'enya hicho. Asidi huigeuza njano, nawe unasoma kwenye nanomita 450. Asidi ifuate mpangilio na mwendo uleule uliotia TMB, la sivyo kishimo cha kwanza na cha mwisho vitakuwa vimepewa muda tofauti. Vishimo pacha vikipishana zaidi ya asilimia 15, rudia.

Jibu likipita kiwango cha juu kabisa cha mchoro wa kulinganishia, unaotokana na sampuli za kiti zenye kiasi kinachojulikana, usiurefushe kwa kukisia. Zimua mara 5 kwa bafa (kimiminika cha kuzimulia) ya kiti, pima, zidisha kwa 5. Likibaki juu kupita kiasi, uliza kama mhusika anapaka krimu ya hidrokotisoni: hiyo ni kortisoli yenyewe, na kidole kilichoshika krimu kikigusa mdomo wa kichupa, sampuli imekwisha.