Powell alipaswa kuondoka lini?

Wiki ile habari zilikuwa zinapishana mlangoni. Arafat alikuwa amefariki Alhamisi, tarehe 11 Novemba 2004. Mji wa Fallujah huko Iraq ulikuwa unapigwa. Idi ikaja, tukala biriani huku macho tumeyakaza kwenye televisheni. Halafu Jumatatu jioni, tarehe 15, tukasikia kwamba Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, amejiuzulu.

Wakati huo nilikuwa nimepanga Nairobi West. Mlango wa pili aliishi mzee wa Kisudani, mtu wa Bor, kusini mwa nchi hiyo, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu kwa sababu alikuwa akiwafundisha hesabu watoto wa wenzake kwenye ukumbi wa kanisa. Alibisha hodi, redio yake ndogo mkononi.

"Umesikia? Wamemtoa Powell."

Nikamjibu, "Mwalimu, huyo alijimaliza mwenyewe mwaka jana."

Akanitazama kama mtu aliyetukaniwa ndugu. "Wewe unaangalia Baghdad, kijana wangu. Mimi naangalia Naivasha." Alimaanisha mazungumzo ya amani ya Sudan, yaliyokuwa yakifanyika huko Naivasha.

Tulibishana kibarazani, iwapo Powell angeondoka mapema au alifanya vyema kubaki, mpaka chai ikapoa, na ubishi ule haukwisha hadi alipohama. Nauandika leo kwa sababu kila waziri mpole anapojiuzulu mahali, watu huanza kuomboleza kwamba mwenye busara ameondoka, na mimi hujikuta nipo tena kwenye kibaraza kile.

Kwa jambo moja Mwalimu alikuwa amepatia siku ileile: Powell alitolewa. Barua yake ina tarehe 12 Novemba, na ndani yake anasema kwamba uchaguzi umekwisha na wakati wake wa kuondoka umefika. Lugha ya adabu. Lakini siku mbili kabla yake, Andrew Card, mkuu wa wafanyakazi wa Ikulu ya Marekani, alikuwa amempigia simu kumwambia kwamba Rais Bush anataka mabadiliko. Siku moja tu baada ya habari kutangazwa, Condoleezza Rice, mshauri wa Bush wa usalama wa taifa, akatajwa kuchukua nafasi yake. Donald Rumsfeld wa Ulinzi, aliyeendesha vita, alibaki kitini. Kwa hiyo wale waliosema Powell, jenerali mstaafu, ameachia ngazi kwa kupinga vita walikuwa wanampa heshima ambayo hakuichuma.

Na angeweza kuichuma. Hapo ndipo hasira yangu ilipo.

Agosti 2002 Powell alikaa na Bush akamweleza wazi: ukiivamia Iraq, wewe ndiye utakayekuwa mwenye nchi, watu milioni 25 na shida zao zote zitakuwa zako. Yule hakuwa mtu wa kuogopa bunduki. Alipigana Vietnam, aliongoza wakuu wa majeshi wakati wa vita vya Ghuba vya 1991. Alijua anachosema. Akamshawishi rais apitie Umoja wa Mataifa kwanza, na tarehe 8 Novemba 2002 Baraza la Usalama likapitisha azimio 1441, la kuitaka Iraq iwakubali wakaguzi wa silaha, kwa kura 15 kwa 0. Hata Syria ilipiga kura ya ndiyo. Ule ulikuwa ushindi wa mtu wa kadiri, na nina hakika alidhani amewafunga breki akina Dick Cheney, makamu wa rais aliyetaka vita.

Miezi mitatu baadaye ndiye aliyeendesha gari.

Naikumbuka tarehe 5 Februari 2003, Powell mbele ya Baraza la Usalama akieleza kwamba Iraq inaficha silaha za maangamizi. Kile kichupa cha unga mweupe alichokiinua kati ya vidole viwili kuonyesha namna kimeta kidogo tu kinavyoweza kuleta balaa. Nyuma yake George Tenet, mkuu wa shirika la ujasusi la CIA, ameketi kama shahidi wa ndoa. Powell akaahidi kwamba kila anachosema kina vyanzo madhubuti. Maabara za kuhama juu ya malori, mitambo ya siri, yote. Oktoba 2004 ripoti ya wakaguzi wa Marekani wenyewe ikasema hakukuwa na akiba yoyote ya silaha hizo. La kuvunda halina ubani.

Sasa jiulize kwa nini alipelekwa yeye. Angesimama Cheney, nani angemsikiliza? Nyuso zilizojulikana kwa kutaka vita hazikuweza kuuza vita. Ilihitajika sura ya yule aliyejulikana kwa kusita. Hili ndilo watu hawalioni wanapomsifu waziri wa kadiri kwa kuvumilia ndani ya baraza kali: kusita kwake ndiko kunakogeuzwa bidhaa. Kadiri anavyosita hadharani, ndivyo saini yake inavyopanda bei siku akikubali. Mwenyewe alikuja kukiri mwaka 2005 kwamba hotuba ile ni doa kwenye jina lake.

Wapo walioijua saa ya kuondoka. Cyrus Vance, waziri wa mambo ya nje wa Rais Jimmy Carter, alimwambia bosi wake kwamba ataacha uwaziri hata kama ule mpango wa kuwaokoa mateka wa Kimarekani huko Tehran utafanikiwa. Mpango ukaharibika jangwani Aprili 1980, Wamarekani wanane wakafa, na barua yake ilikuwa tayari. Robin Cook, waziri wa Uingereza, alijiuzulu akasimama bungeni tarehe 17 Machi 2003, siku chache kabla ya mabomu ya kwanza, akasema hawezi kuunga mkono vita visivyo na ridhaa ya mataifa wala ya wananchi. Hakuvizuia vita. Lakini hakuna picha yake akiwa na kichupa.

Mwalimu alikuwa na jibu lake, na si jibu jepesi. Asiyekuwepo na lake halipo, alisema. Powell ndiye aliyekuja mwenyewe Naivasha Oktoba 2003, akakaa na John Garang, kiongozi wa waasi wa kusini, na Ali Osman Taha, makamu wa rais wa Sudan, wakamwahidi kumaliza mazungumzo kabla ya mwaka kwisha. Waziri gani mwingine wa Marekani angeacha Iraq inaungua akaja kukaa kando ya ziwa kusikiliza habari za Abyei, eneo linalogombaniwa, na mgao wa mafuta?

Nikamkumbusha Darfur, magharibi mwa Sudan. Tarehe 9 Septemba 2004 Powell aliliambia Seneti kwamba yanayofanyika kule ni mauaji ya kimbari. Neno zito; Serikali ya Marekani haikuwa imethubutu kuwashtaki walio madarakani namna hiyo huku mauaji yakiendelea. Kisha, katika maelezo yaleyale, akasema kauli hiyo hailazimu hatua yoyote mpya. Powell mzima yumo humo: ukweli anausema, kisha anauwekea kofia.

Tarehe 18 Novemba, siku tatu tu baada ya habari ya kujiuzulu, Baraza la Usalama likahamia Gigiri, kwenye makao ya Umoja wa Mataifa, kukutana hapahapa Nairobi, John Danforth, balozi wa Marekani kwenye Umoja wa Mataifa, akiliongoza. Azimio 1574 la kuunga mkono mazungumzo hayo likapita, Garang na upande wa Khartoum wakaahidi kumaliza kabla ya 31 Desemba. Mwalimu hakuamini. "Bwana wao ameshafukuzwa, nani atawasukuma?" Haukupita muda, Danforth naye akatangaza kwamba anaacha ubalozi wake. Mwalimu akaacha hata kusikiliza taarifa ya saa moja.

Lakini wakamaliza. Jumapili ya tarehe 9 Januari 2005 tulitembea kwa miguu kutoka Nairobi West hadi uwanja wa Nyayo. Ngoma, vigelegele, jua la Januari lisilo na huruma, na Mwalimu ndani ya koti zito la suti ambalo alikataa kulivua. Vipaza sauti vilikuwa vinarudisha mwangwi, kwa hiyo alibana redio sikioni asikie kinachosemwa mita chache mbele yake. Garang akatia saini mkataba wa amani, Taha akatia saini, Kibaki na Museveni wakashuhudia. Na Powell, waziri ambaye mrithi wake alishatajwa, aliyetua akitokea Asia kuliko na maafa ya tsunami, naye akaweka saini ya shahidi. Mwalimu alinipiga kiwiko mbavuni. Hakusema kitu, na mimi sikumwomba aseme.

Kuna jambo lililokuja baadaye ambalo laiti ningekuwa nalo kibarazani. Baada ya mtu wa kadiri kuondoka, sera haikuzidi ukali. Rice, ambaye Bush alimsikiliza, aliunga mkono mazungumzo ya nyuklia ya Ulaya na Iran mwanzoni mwa 2005, na Septemba mwaka huo Korea Kaskazini ikakubali tamko la pamoja la mataifa sita kuhusu kuacha silaha zake za nyuklia. Powell alikuwa ametaka mazungumzo na Korea tangu Machi 2001, akakanushwa na bosi wake kesho yake. Kumbe upole wa waziri si kitu kama rais hamsikilizi.

Na la Naivasha? Mimi hushikilia kwamba itifaki ya Machakos, makubaliano ya awali ya pande mbili za Sudan, ilishapatikana Julai 2002, Jenerali Sumbeiywo, mpatanishi wa Kenya, alikuwepo, na Powell angeondoka Januari 2003 mazungumzo yangeendelea bila yeye. Mwalimu alikuwa na jibu moja kwa hilo, na sijalipatia dawa mpaka leo: ahadi waliyompa Powell ya kumaliza Desemba 2003 ilichelewa mwaka mzima yeye akiwa waziri. Asingekuwepo, ingechelewa mingapi?