Kwenye Shimo la Mamothi, Hot Springs

Kutoka Rapid City kushuka kusini hadi Hot Springs, katika jimbo la South Dakota nchini Marekani, ni mwendo wa saa moja na kitu kwa gari. Mimi nilichelewa, maana nilipitia hifadhi ya Wind Cave, na huko nyati wa Marekani walikuwa wamejaa barabarani, hawana habari na mtu. Mji wenyewe ni mdogo, majengo mengi ya mawe mekundu, na mto wa maji vuguvugu unapita katikati. Chemchemi za aina hiyo ndizo zilizowaponza mamothi, wale jamaa wa tembo waliokwisha kutoweka.

Jengo la maonyesho lililojengwa juu ya mifupa yao, ukiliona kwa nje huwezi kulidhania. Ndani hakuna sakafu ya kawaida: ni shimo kubwa, na wageni wanapita juu ya vijia vya mbao vinavyolizunguka. Mwaka 1974 palikuwa kilima tu, kinasawazishwa ili zijengwe nyumba. Dereva wa tingatinga, George Hanson, akaona kitu cheupe kinang'aa kwenye udongo. Ilikuwa pembe ya mamothi. Mwanawe alikuwa amesoma jiolojia kidogo, akampigia simu mwalimu wake wa zamani, Larry Agenbroad, ambaye aliongoza uchimbaji hapo kwa miaka mingi. Mwenye ardhi, Phil Anderson, akaachana na mpango wa nyumba na kuuza eneo lile bila kutafuta faida. Wenye viwanja wa namna hiyo ni wa kutafuta kwa tochi.

Shimo lilitokea hivi: maji yalikula mawe ya chokaa chini ya ardhi hadi pakawa na pango, paa la pango likaanguka, na chemchemi ikajaza bwawa. Kingo zake zilikuwa za udongo mwekundu ambao ukilowa unateleza vibaya. Mnyama wa tani kadhaa alishuka kunywa au kufuata majani ya ukingoni, kisha akashindwa kupanda. Kwenye kuta za shimo kuna mahali matabaka ya matope yamebonyea na kupinda, nawe unaonyeshwa kwamba hapo ni mguu ulikanyaga. Nilikaa hapo muda mrefu kuliko kwenye mafuvu.

Mpaka sasa wamehesabiwa mamothi 61: 58 wa spishi iitwayo mamothi wa Columbia, ambao hawakuwa na manyoya mengi, na 3 wa spishi ya mamothi wa manyoya. Yumo pia dubu wa kale mwenye uso mfupi. Zamani ilisemwa wana miaka 26,000 hivi. Vipimo vya karibuni vimerudisha tarehe nyuma hadi kama miaka 140,000.

Kiongozi wetu aligusia kwa mzaha kwamba wote ambao fupanyonga zao zimeweza kupimwa ni madume, wengi wao vijana. Watu wakacheka, tukasogea mbele. Kwangu mimi hiyo ndiyo habari kubwa kuliko zote pale. Tembo wa leo huishi hivyo hivyo: majike na watoto hukaa pamoja chini ya jike mkubwa anayejua maji yako wapi na hatari iko wapi, na dume akibalehe huondoka kwenda kujitafutia. Anayetangatanga bila mkubwa wa kumwonya ndiye anayeingia bwawa baya. Tabia haigeuki mfupa, lakini hapa imeacha alama yake.

Kisha meno. Fuvu moja limelala chali, magego yakitazama juu, kila gego zito kama tofali, na usoni lina mistari myembamba ya enameli, ile sehemu ngumu ya jino, iliyopangana kama tuta na mfereji. Ni mashine ya kusagia nyasi. Kila upande wa taya hupata magego sita maishani, yakisukumana kutoka nyuma kwenda mbele. La mwisho likiisha, mnyama hana cha kutafunia. Ndiyo maana wachimbaji husoma umri wa marehemu mdomoni.

Ukoo huu ulianzia Afrika. Mamothi wa kwanza tunaowajua waliishi huko yapata miaka milioni 5 iliyopita, magego yao yakiwa na vibamba vya enameli vichache na vinene. Mwaka 2013 Adrian Lister, mtafiti wa mamothi, alionyesha kwamba jamii ya tembo wa Afrika Mashariki walianza kula nyasi mamilioni ya miaka kabla meno yao hayajabadilika vya kutosha. Mlo ulitangulia, meno yakafuata kwa kuchechemea. Baadaye mamothi wakaenea Ulaya na Asia, wakavuka kuingia Amerika. Na mwaka 2021 DNA ya magego ya Siberia, mengine ya zaidi ya miaka milioni moja, ilionyesha kwamba mamothi wa Columbia ni chotara wa koo mbili, mmojawapo ukiwa wa mamothi wa manyoya. Hao 58 na hao 3 wa shimoni hawakuwa wageni wao kwa wao kwa damu.

Mifupa hii haijageuka jiwe, kwa hiyo ni mikavu na inavunjika upesi. Mingi imeachwa pale pale ilipolala, na kazi huenda kwa mwiko mdogo na brashi. Waliotoboa chini wamekuta mashapo yanafika kina cha mita 20 hivi, na wachimbaji bado hawajafika huko. Ukienda, nenda kiangazi, wachimbaji wakiwa shimoni, na usione haya kumwambia kiongozi apunguze mwendo.