Niliiacha ADIEU Nikaishika SLATE: Uzoefu Wangu na Wordle Hapa Mombasa

Katika mchezo wa Wordle hakuna ushauri unaonikera kama ule wa kuanza na neno ADIEU. Nilipewa na mpwa wangu, nikapewa na makarani wenzangu kazini, na hata kinyozi wangu wa Majengo aliwahi kuizima mashine, kichwa changu kikiwa kimenyolewa upande mmoja, ili anieleze kwa utulivu kwamba neno hilo lina irabu nne katika herufi tano, na kwamba mtu akishazijua irabu, neno lenyewe hujileta. Halijileti. Nimewaona watu wazima wenye shahada zao wakiwa na irabu zote mkononi, na bado wakaimaliza mistari yote sita bila ya jibu. Mimi, karani wa uwakala wa forodha ambaye Kiingereza chake kimetokana na hati za mizigo kuliko vitabu vya hadithi, sijakosa jibu kwa muda mrefu, kiasi kwamba ndugu zangu wameacha kuniuliza kama nimelipata na sasa huuliza tu nimelipata kwenye mstari wa ngapi.

Kanuni ni chache. Simu huficha neno moja la Kiingereza lenye herufi tano, nawe una makisio sita ya kulifichua. Kila unapoandika neno, herufi iliyo sahihi na iliyokaa mahali pake hugeuka kijani, iliyomo lakini imekosea mahali hugeuka manjano, na isiyokuwamo hubaki kijivu. Neno ni moja kwa siku, nalo hubadilika saa sita ya usiku kwa saa ya simu yako. Kwa kuwa sisi tumewatangulia watu wa New York kwa saa saba au nane, kulingana na majira yao, binamu yangu anayeishi huko huwa bado hajalifikia neno ambalo mimi nimekwisha kulimaliza baada ya sala ya alfajiri.

Niliingia mchezoni Januari 2022, wakati kundi la WhatsApp la ukoo wetu lilipofurika vile viboksi vya kijani na manjano ambavyo watu hutumiana ili kujisifu bila ya kufichua jibu. Haukupita muda likaja neno FAVOR, na ukoo mzima ukawaka moto. Sisi tuliosomeshwa Kiingereza cha Uingereza huliandika neno hilo kwa herufi sita, kwa hiyo hakuna aliyelifikiria. Shangazi yangu, mwalimu mstaafu, alitangaza kwamba mchezo una makosa ya tahajia na akajitoa siku hiyo hiyo. Mimi nilikwenda kumtafuta aliyeutunga. Nikakuta ni Josh Wardle, mhandisi wa programu mzaliwa wa Wales anayeishi Marekani, ambaye aliutengeneza kwa ajili ya mwenzi wake, Palak Shah, kisha akauweka wazi kwa umma Oktoba 2021. Palak ndiye aliyeyapitia maneno ya Kiingereza yenye herufi tano, yapatayo 12,000, akabakisha yale aliyoyafahamu, kiasi cha 2,500. Habari hiyo ilinifaa kuliko mawaidha yote niliyokuwa nimepewa, kwa sababu ilinionyesha kwamba jibu ni neno ambalo mtu wa kawaida wa Marekani analijua na kuliandika kwa tahajia ya huko. Ya nini basi kujichosha na maneno yaliyolala kamusini tangu zama za wafalme? Hata New York Times ilipoununua mchezo huo mwishoni mwa Januari hiyo hiyo, msingi huo haukubadilika.

Kazini nimezoea kuhesabu kabla ya kuamini. Nilichukua gazeti la Kiingereza lililokuwa limeachwa mapokezi, nikawa ninatafuta maneno ya herufi tano na kuzipigia vijiti herufi zake nyuma ya karatasi zilizokwisha kutumika. Shughuli hiyo niliifanyia kwenye feri ya Likoni, jioni baada ya jioni, hadi abiria mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimetumwa kuwahesabu watu wanaovuka. Vijiti vilizungumza waziwazi: E iliongoza, A na R zikafuata, kisha O, T, L, I, S na N zikasongamana nyuma yake, na C baada ya hapo. U, ambayo wapenzi wa ADIEU huitumia katika mstari wao wa kwanza, iko nyuma ya zote hizo. Baadaye watu wenye kompyuta zao walipoichambua orodha ya asili ya majibu, mpangilio walioupata haukutofautiana na wa karatasi zangu.

Hivyo ndivyo nilivyoipata jozi yangu, SLATE na, inapohitajika, CRONY. Maneno hayo mawili yana herufi kumi ambazo hakuna hata moja inayojirudia, na tisa kati yake zimo katika zile kumi zinazotokea zaidi. Ya kumi ni Y, ambayo hufunga maneno mengi ya Kiingereza. Mambo yakiwa magumu kabisa kuna HUMID, nalo huongeza herufi nyingine tano mpya. New York Times yenyewe ilipoleta chombo chake cha kuchambua makisio ya wachezaji, WordleBot, Aprili 2022, kilianza kwa kuisifu CRANE, na baadaye kikahamia kwenye SLATE. Hakuna aliyeniandikia barua ya shukrani.

Kabla ya hapo, Februari, lilikuja CAULK, neno ambalo watu wengi walilalamika kwamba hawajapata kulisikia maishani mwao. Mstari wangu wa kwanza ulinipa L na A za manjano, na wa pili ukanipa C ya kijani mwanzoni. Mtu yeyote aliyewahi kusimama ubaoni angeandika CHALK papo hapo, lakini katika SLATE herufi A ilikuwa imekaa nafasi ya tatu na ikakataliwa hapo, na CHALK inairudisha nafasi ile ile. Wengi huitazama manjano kama nusu ya kijani, wakafurahi na kusahau kwamba imewaambia pia mahali ambapo herufi haikai. Niliihamishia A nafasi ya pili, L nikaisogeza nyuma, na neno likasimama mbele yangu. Nimekulia karibu na Bandari ya Kale, nikiwatazama mafundi wakikalafati majahazi, patasi butu ikisukuma pamba ndani ya nyufa za mbao na nyundo ikigonga tangu asubuhi, na ankara za bidhaa za kazi hiyo zimepita mezani pangu kwa Kiingereza chake. Nililipata katika mstari wa tatu, na siku hiyo kundi la ukoo lilinyamaza kimya.

Hata hivyo, ushindi ninaopenda kuusimulia, na nimeusimulia barazani Kibokoni hadi wenye baraza wanaujua kwa moyo, ni wa Machi mwaka huo huo. Mimi na mpwa wangu tulikubaliana kucheza pamoja, kila mmoja na simu yake, tumepeana migongo, na atakayeshindwa awalipie wote waliokuwapo kahawa na kashata. Yeye akaanza na ADIEU yake. A ikageuka manjano, nyingine zote zikawa kijivu. Akaandika LATCH, na hapo nikasikia mtu akijipiga paja, kwa kuwa A, T, C na H zilikuwa zimegeuka kijani kwa mpigo mmoja.

“Mjomba, andaa pesa mapema,” akaniambia bila ya kugeuka. “Mimi nimebakiza herufi moja tu.”

Kweli alibakiza herufi moja, lakini nyuma ya herufi hiyo palikuwa na foleni. Akaandika CATCH, ikawa kijivu mwanzoni. Akaandika MATCH, kijivu. Akaandika PATCH, kijivu tena, na zile kelele zake zikaanza kupungua. Alipoufikia mstari wa sita alikuwa bado na HATCH, BATCH na WATCH mbele yake, makisio moja na maneno matatu. Akafumba macho, akasoma bismillahi, akabonyeza HATCH. Jibu lilikuwa WATCH.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeandika SLATE na CRONY, na sikuwa na kijani hata kimoja. Nilikuwa na A, T na C, zote manjano, na mzee aliyekuwa akichungulia begani kwangu alinitikisia kichwa kwa huruma. Nilipoyapanga mabaki nikaona kwamba takriban yote yanaishia kwa ATCH: BATCH, HATCH, MATCH, PATCH na WATCH. LATCH ilikwisha kuondolewa na L ya kijivu, na CATCH ikaondolewa na C iliyokataliwa mwanzoni mwa CRONY. Nikaandika SWAMP.

“Mwanangu,” mzee akanisogelea, “hiyo S si umeshaambiwa haimo?”

Nilijua kwamba haimo, na nilijua kwamba SWAMP haliwezi kuwa jibu. Nililiandika kwa kuwa limebeba W, M na P kwa pamoja, hivyo mstari mmoja ungeyahoji maneno matatu ambayo mpwa wangu alikuwa akiyahoji moja moja. M na P zikawa kijivu, W ikawa manjano. Katika mstari wa nne nikaandika WATCH, nikailaza simu kifudifudi juu ya baraza, nikamwita muuza kahawa. Wacheza dhumna waliokuwapo waliielewa hila hiyo kabla ya mpwa wangu, kwa sababu wao hujifunza zaidi kutokana na kete ambayo mwenzao ameshindwa kuitoa kuliko ile aliyoitoa.

Tangu siku hiyo yamenijia maswali mengi ya ATCH, kwa hiyo nitaieleza hapa nisiulizwe tena. Ukizipata herufi hizo nne ukiwa bado hujaondoa chochote, maneno yanayokungoja ni saba. Andika CLIMB. L ikipata rangi, jibu ni LATCH. M ikipata rangi ni MATCH. B ni BATCH. Na C ikiwa kijani pale mwanzoni, ni CATCH. Zote zikikataa, C ikabaki manjano tu, andika WHELP: W ya kijani ni WATCH, P ya manjano ni PATCH, na zote mbili zikiwa kijivu limebaki HATCH peke yake. Makisio mawili tu yanakutoa katika mtego unaowamaliza watu. Mtego wa IGHT, wenye LIGHT, MIGHT, NIGHT, FIGHT na ndugu zao, hufunguliwa kwa hila hiyo hiyo, ila maneno ya kuufungua jitafutie mwenyewe.

Kinachotusumbua zaidi sisi wasemaji wa Kiswahili ni konsonanti zinazojirudia. Siku chache baada ya CAULK lilikuja SWILL, na kundini kwetu waliolipata walikuwa wachache, kwa sababu masikio yetu yamezoea konsonanti zilizotengwa na irabu, na neno lenye irabu mwishoni. Herufi zikishaonekana kuwa chache mno, jaribu kuirudia mojawapo. Kumbuka pia kwamba ukiandika neno lenye herufi mbili zinazofanana, na jibu likawa nayo moja, moja yako itapata rangi na nyingine itabaki kijivu. Kijivu hicho kisikudanganye kwamba herufi haimo. Tena usipoteze mstari kwa kutarajia wingi unaoishia kwa S. Tracy Bennett, aliyekabidhiwa uhariri wa mchezo huu Novemba 2022, alieleza kwamba wingi wa aina hiyo hautakuwa jibu, ingawa simu itaendelea kuupokea kama makisio bila ya kukuonya.

Kuhusu gharama, sijui watu hulalamikia nini. Bando la shilingi hamsini, au karibu na hapo, hunitosha kwa mchezo na kwa majigambo ya kundini, na kalamu nilizozimaliza kwa vijiti zilikuwa za ofisi. Kuna waliojaribu kuniuzia programu za kuonyesha majibu. Niliwauliza kama wanauza pia ile raha ya kumwona mpwa wangu akilipa, wakaenda zao.

Yeye mpwa wangu, baada ya kulipa, hakuiacha ADIEU. Alichofanya ni kuingia kwenye mipangilio na kuiwasha hali ngumu, ambayo humlazimisha mchezaji azitumie dokezo zote alizokwisha kupata katika kila neno linalofuata, na sasa hutangaza kila barazani kwamba ushindi wangu ulikuwa wa ujanja, kwa kuwa katika hali hiyo SWAMP lisingekubaliwa. Anasema kweli: bila ya T na C lingekataliwa, nami ningebaki nikibahatisha kama yeye. Kila nikimpita anataka niiwashe na mimi ili tupigane sawasawa. Nimemjibu kwamba waliokiweka kitufe hicho walikiacha kikiwa kimezimwa, na mimi si mtu wa kugeuza mipangilio ya wenyewe.