Pango la vyumba 14 na mzee ambaye sikumwandaa

Mwaka jana nilijenga pango lenye vyumba 14, la kwenye karatasi, kwa ajili ya mchezo wa kusimulia hadithi ninaouendesha. Nililichora kwenye daftari la hesabu la miraba, jioni nne mfululizo nikitoka kazini, huku nikikumbuka mapango ya Amboni, hapa Tanga, tulikopelekwa tukiwa shule ya msingi: popo, giza, mawe ya chokaa yaliyochongwa na maji, na zile hadithi za wazee kwamba humo ndani mna njia inayofika Mombasa. Kila chumba nilikiandikia aya nzima.

Jumamosi baada ya Isha wenzangu wanne wakaketi barazani kwetu Ngamiani. Kahawa ikamiminwa, kashata zikapita, wahusika wao wakafika mlangoni mwa pango. Dada mmoja mwenye duka la vitenge akasema, "Hatuingii. Pango hili lina wenyewe. Kwanza tutafute mzee wa kutuombea ruhusa."

Wote wakamuunga mkono, na mimi sikuwa na mzee.

Kwa asiyeujua, mchezo wenyewe uko hivi: kila mchezaji ana mhusika wake, mwendeshaji anasimulia yaliyobaki na kuwasemea watu wengine wote, na pasipo na uhakika huamua dadu la pande 20. Dungeons & Dragons ya Gary Gygax na Dave Arneson ilitoka Marekani mwaka 1974. Sisi tunacheza toleo la tano, la 2014. Vitabu vyake vya msingi ni vitatu, kila kimoja kina kurasa zaidi ya 300, kwa Kiingereza, na pale barazani aliyekuwa amevisoma ni mimi peke yangu.

Usiku ule nikamtunga mzee papo hapo: amekosana na nduguye juu ya nani arithi kazi ya kulitunza pango. Wakakaa saa mbili wakiwapatanisha ndugu wale. Dada wa vitenge alifika hadi kutoa machozi. Hakuna hata chumba kimoja changu kilichoguswa, na hatukuwahi kucheza vizuri vile.

Tangu hapo naandaa nusu ukurasa. Watu watatu, kila mmoja na anachokitaka na anachokiogopa. Halafu jambo moja litakalotokea wachezaji wasipofanya lolote. Basi. Viumbe siwabuni kutoka mwanzo: namchukua goblini wa kitabuni, yule kijitu mkorofi wa hadithi, uhai 7, kinga 15 (namba ambayo anayempiga lazima aifikie), nambadilisha sura na jina awe kiumbe wa pwani, namba zake naziacha. Uhai nauhesabu kwa kete za bao. Akipigwa, naziondoa mbele ya macho ya watu.

Kanuni ndizo zilizonichosha zaidi. Siku moja fundi baiskeli wetu aliuliza, "Kaka, nikimrushia mkuki mtu nisiyemwona gizani, inakuwaje?" Nilipekua kitabu robo saa nzima. Nilipoinua kichwa, wawili walikuwa kwenye simu zao. Jibu lilikuwa jepesi: unarusha dadu mara mbili, unachukua namba ndogo. Iliniuma sana, maana ndiye aliyekuwa amechangamka kuliko wote.

Tukakubaliana. Jambo jepesi linahitaji dadu lifikishe 10, la wastani 15, gumu 20. Nikikwama naamua hapohapo, naandika pembeni, kitabu nakifungua nyumbani. Mpangilio wa zamu za vita anaushika dada wa vitenge, kwa vibanio vya nguo vyenye majina, vimebanwa kwenye kamba. Mwenye mhusika mchawi anaandika mwenyewe maelezo ya uchawi wake, kwa Kiswahili. Januari 2023 Wizards of the Coast, wachapishaji wa mchezo huu, waliuweka waraka wa kanuni za msingi chini ya leseni ya Creative Commons, kwa hiyo kuutafsiri na kuugawa inaruhusiwa mradi utaje chanzo. Mwalimu tunayecheza naye ametafsiri sehemu ya mapigano ikaenea karatasi mbili, nasi tukazitoa kopi. Mimi hilo peke yangu lingenichukua mwezi.

Maandalizi ya jioni nne sasa ni saa moja na nusu, Ijumaa usiku.

Wiki mbili zilizopita fundi alinisubiri hadi wenzetu waondoke. "Kaka, Jumamosi nipishe, nisimulie mimi." Nikamletea michoro yote ya vyumba 14. Akaipitia taratibu, akachukua ukurasa mmoja, ule wa chumba cha popo, mingine akanirudishia.