Nilivyojua umri wa kasuku wangu kupitia pete ya mguuni

Kasuku nilimpokea akiwa mkubwa tayari, aliyenipa akasema ana kama miaka mitatu hivi, lakini kila nikimwangalia moyo unakataa. Mguuni ana pete ya chuma, imejaa uchafu, husomi kitu.

Kwanza nilitaka kuikata kwa koleo nione vizuri. Jamani msijaribu, mguu wa ndege unavunjika kirahisi mno, kama pete inabana au mguu umevimba mpeleke kwa daktari wa mifugo. Nilichofanya ni kumfunga na taulo laini, nikasafisha pete taratibu na pamba yenye maji ya uvuguvugu, halafu nikapiga picha kadhaa na simu huku naizungusha kidogo kidogo, nikazivuta kubwa. Zikatokea herufi tatu, 16, na namba 047.

Kumbe pete isiyo na kiungo, yani duara kamili, huvalishwa kinda akiwa bado mdogo sana kabla mguu haujakua, kwa hiyo yenyewe ni dalili nzuri kwamba kazaliwa kwa mfugaji sio kukamatwa porini. Yenye mwanya huvalishwa umri wowote so haikwambii mengi.

Herufi nikazipeleka kwa chama cha wafugaji wa ndege, wakanielekeza kwa mfugaji mwenyewe, akafungua daftari lake: ametotolewa 2016, ndiyo ile 16 ya kwenye pete, na ni jike. Mimi nilikuwa namwita dume muda wote huo! Jina sijambadilisha, ameshalizoea.